Barua kwa mwanangu aliyeko Aberystwyth

Mwanangu mpenzi,

Tangu uliponipigia simu kuniarifu kuwa umefika salama chuoni Aberystwyth, huko Wales, nimekuwa nikimkumbuka kijana mmoja aliyesoma historia katika chuo hichohicho miaka ya 1930, naye ni mshairi Alun Lewis. Alizaliwa tarehe 1 Julai 1915 Cwmaman, kijiji cha wachimba makaa ya mawe kusini mwa Wales. Baba yake alikuwa mwalimu, na yeye mwenyewe alifundisha shule kabla ya kuingia jeshini mwaka 1940, huku moyo ukimsuta, kwa maana vita aliviona kuwa ni uovu. Kambini aliandika shairi juu ya askari waliojilaza hemani mvua ikinyesha kutwa nzima, wakivuta sigara na kuzungumza mambo madogomadogo, na kwangu mimi hakuna shairi la vita lililo kweli kuliko hilo.

Mwaka 1941 alimwoa Gweno, mwalimu mwenzake, na mwishoni mwa mwaka uliofuata akasafirishwa kwenda India akiwa luteni. Kwa kuwa alikuwa afisa wa ujasusi wa batalioni, angeweza kubaki nyuma, lakini aliomba mwenyewe aende na kombania iliyotangulia mbele. Asubuhi ya tarehe 5 Machi 1944, huko Arakan nchini Burma, baada ya kunyoa ndevu na kunawa, alikutwa na jeraha la risasi kichwani, bastola yake mwenyewe ikiwa mkononi. Alifariki siku hiyohiyo, akiwa na umri wa miaka 28. Uchunguzi wa jeshi ulitamka kuwa ilikuwa ajali. Wengi waliosoma barua zake hawakuridhika. Inaniuma kuona watu wakiibishania asubuhi ile moja kuliko wanavyosoma alichokiandika.

Amezikwa Taukkyan, karibu na Yangon. Unajua kwamba babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza Afrika Mashariki, na kwamba baadaye mwaka huohuo divisheni yao ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw, katika Burma hiyohiyo, wakati wa masika ya kule. Babu hakupenda kusimulia mapigano. Alichokuwa akikitaja ni mvua na matope tu. Ndiyo maana shairi lile hunigusa hivi.

Ukikipata maktabani kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1942, litafute humo, kisha unisomee kwa simu jioni moja, polepole, mpaka mwisho.

Mama yako akupendaye