Mwanangu, kuhusu fungu la kumi na mshahara wako wa kwanza

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Mikindani. Sisi ni wazima, ila joto la mwezi huu limetushinda. Babako alisoma ujumbe wako akanirudishia simu: "Hili ni lako, si wewe ndiye mweka hazina wa kanisa?" Basi najibu mimi, na nitaandika kirefu, maana swali hili huulizwa mlangoni mwa kanisa watu wakiwa na haraka ya kwenda kupika.

Umeuliza fungu la kumi hutolewa kabla ya makato au baada. Nimeiona ile karatasi ya mshahara uliyonitumia: kodi ya mapato, NSSF, asilimia 2.75 ya bima ya afya, asilimia 1.5 ya nyumba, kisha kile kilichobaki ambacho kilikukunjisha uso. Karibu duniani! Biblia haina mstari unaotaja makato. Waisraeli walitoa zaka ya nafaka, divai na mafuta, na Kumbukumbu la Torati 14 inasema mwenye kutoa aile mbele za Bwana pamoja na nyumba yake, na kila mwaka wa tatu iwekwe kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane, wale washibe. Isome sura hiyo yote. Siku hizi watu wameshika Malaki 3:10 peke yake, ule wa "Leteni zaka kamili ghalani". Tena Hesabu 18 inawaagiza Walawi nao watoe zaka katika zaka wanazopokea, kwa hiyo hata anayepokea ana deni la kutoa.

Mimi na babako tunatoa katika kile kinachoingia mkononi. Wako wenzetu wanaotoa kabla ya makato, na siwapingi. Paulo alipochangisha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu hakutaja asilimia hata moja. Aliwaandikia Wakorintho: "Kila mtu na atende kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni, wala si kwa lazima, maana Mungu humpenda yeye atoaye kwa moyo wa ukunjufu." Kwa hiyo kusudia, uandike, ushike ulichoandika. Sehemu ya kumi ni pazuri pa kuanzia kwa kijana asiye na mtoto wala karo.

Sasa lile la "kupanda mbegu". Unasema rafiki yako amekupa namba ya mhubiri, utume shilingi 5,000 kwa M-Pesa na kabla ya mwezi kuisha upandishwe cheo. Mwanangu, huko ni kubeti, tofauti ni kwamba mwenye kamari hakudanganyi kuwa ni ibada. Mungu hauzi vyeo. Wahubiri hao hupenda kisa cha mjane wa senti mbili katika Marko 12, lakini huanzia mstari wa 41. Anzia wa 38 uone Bwana Yesu anavyowasema waandishi wanaokula nyumba za wajane, ndipo mjane mwenyewe anaingia. Sijawahi kumsikia hata mmoja wao akisoma mistari hiyo kwa sauti.

Ukipita Kengeleni kuelekea Nyali, ile kengele ni ya Frere Town, kijiji ambacho wamisionari wa CMS, chama cha misheni cha Waanglikana, walikianzisha 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani. Pesa zilitoka kwa waumini wa Uingereza, wengi wao hawakuwahi kuiona Mombasa hadi wanakufa. Hakuna aliyeahidiwa gari. Sisemi wamisionari walikuwa malaika, babu zetu wa Rabai walikuwa na mengi ya kusema juu yao, lakini utoaji ule ulikuwa wa kutoa kweli.

Umeuliza pia, kwa kuzungukazunguka, kama ni dhambi kutaka kujua sadaka yako inakwenda wapi. Si dhambi. Ngoja nikuonyeshe tunavyofanya. Ibada ya pili ikiisha tunaingia chumba cha nyuma watu watatu, mlango tunauacha wazi. Hakuna anayehesabu peke yake, hata kasisi. Kapu linamwagwa mezani: sarafu za 10 na 20, noti za 50 zilizokunjwa mara nne mpaka uzinyooshe kwa ukucha. Nyingine ina gamba la samaki limeganda, na hapo najua mama fulani wa sokoni ameuza vizuri wiki hii. Bahasha zina namba. Tunahesabu, anahesabu mwingine, tunalinganisha na taarifa ya paybill, ile namba ya kanisa ya kupokea pesa za simu, tunaandika kitabuni na kutia sahihi sote. Jumatatu pesa zote zinakwenda benki. Hata sukari ya chai ya wazee hainunuliwi kutoka kapuni. Inaombwa na kuandikwa. Kuna waliotuona tuna maringo. Nawaambia wasome 2 Wakorintho 8, Paulo alivyomtuma Tito na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili mtu asije akawalaumu kwa habari ya pesa ile. Kama mtume mwenyewe hakutaka kuzibeba peke yake, mimi ni nani?

Hapo unapoabudu sasa Likoni, ulizia kama hesabu husomwa mbele ya waumini. Wakikuambia usimhoji mtumishi wa Mungu, hama.

Pesa za wanasiasa nazo zinanikera. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilitangaza kurudisha pesa ambazo Rais Ruto alizitoa katika kanisa la Soweto, na mimi si Mkatoliki lakini siku hiyo nilipiga makofi jikoni. Kanisa likishapokea, litamkemea nani?

Mnada wa mavuno naupenda, usinielewe vibaya. Papai la shilingi 100 linauzwa 2,000, linarudishwa, linauzwa tena, watu wanacheka. Lakini nimeona vijana wakinyoosha mkono kwa sababu macho yote yako kwao, kisha wiki nzima wanatembea kwa miguu kwenda kazini. Kama huna, kaa kimya. Na usikope kwa simu ili utoe. Paulo anasema hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo.

Jambo ninalotaka ulishike zaidi ni hili. Katika Marko 7 Yesu anawakaripia watu waliomwambia baba au mama, "Mali ambayo ningekusaidia nayo ni Korbani," yaani imewekwa wakfu. Walijificha nyuma ya sadaka. Nyanyako yuko Rabai, dawa za presha ananunua kila mwezi, na ndiye aliyekulipia sare ya darasa la kwanza kwa pesa za nazi. Asije akaambiwa kuwa zake zimekwenda kanisani. Zile sehemu tisa zinazobaki nazo ni za Mungu, wewe ni wakili tu, utaulizwa.

Basi mshahara ukiingia, siku hiyohiyo toa fungu lako, usingoje tarehe ishirini. Halafu kodi ya chumba. Halafu nyanyako. Halafu akiba ya sako, hata kama ni 1,000, maana kazi za bandarini hupungua meli zikipungua, na hatutaki uje kuishi kwa mikopo. Nguo na viatu vitangoja. Nimeona picha ya hivyo vyeupe, ni vizuri, lakini vitangoja.

Jumamosi ukivuka feri njoo na hilo daftari tulipitie, babako ameahidi kukaa kimya. Na pesa za nyanyako usinitumie mimi nimpelekee. Mtumie mwenyewe kwa simu yake, kisha umpigie usiku akiwa ametulia, maana meseji hazisomi.

Mamako