Kabla ya redio, penseli

Mhariri,

Mvua za masika zikikaribia huwa napigiwa simu na watu wanaotaka kujua redio ya mkononi inauzwa pesa ngapi kule Luthuli, kwenye maduka ya vifaa vya umeme mjini Nairobi. Mwaka huu wamekuwa watatu, mmoja wao mwenyekiti wa kikundi cha vijana kando ya Mto Mathare. Nikamwuliza, "Mwanangu, mna penseli ngapi?" Akanyamaza, kisha akasema laini ina shida, Mama, sikusikii vizuri. Alinisikia vizuri sana.

Mimi ni mkazi wa Umoja, umri wangu ni miaka 68, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimekuwa opereta wa simu. Nilipostaafu nilisoma, nikachukua leseni ya redio ya ridhaa, yaani ya wanaorusha sauti kwa kupenda na si kwa biashara, ile inayotolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, na sasa nina alama yangu ya wito, jina langu la hewani, inayoanza na 5Z4. Vijana huniita Shosho Redio. Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo moja: wanaojitolea kwa mawasiliano ya dharura wafunzwe kwanza kusikiliza na kuandika, redio yenyewe ije baadaye, na wafunzwe kwa Kiswahili hiki cha mtaani, maana ndicho kitakachotoka mdomoni maji yakishaingia nyumbani.

Tarehe 7 Agosti 1998, Ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa, nilikuwa kwenye ubao wa simu wa ofisi moja katikati ya jiji. Dakika chache baada ya mshindo, taa zote za ubao ziliwaka pamoja. Kila mwenye ndugu mjini alikuwa anapiga. Laini ya kwenda nje ukiinua ilikuwa kimya, hata ule mlio wa kuanzia haupo. Watu hudhani siku kama hiyo simu imeharibika. Mara nyingi haijaharibika. Mitambo hujengwa kwa hesabu kwamba watu hawatapiga wote kwa mpigo, na minara ya simu za mkononi iko vivyo hivyo. Mwenzangu wa zamu, aliyenitangulia kazini, alivuta daftari akaanza kuandika: nani amepiga, saa ngapi, anamtafuta nani, arudishiwe jibu wapi. Hakupaza sauti hata mara moja. Daftari lile ndilo tuliloshika siku mbili zilizofuata kuwaunganisha watu na jamaa zao. Mimi nusu saa ya kwanza niliimaliza nikilia na kupiga namba ile ile.

Basi darasa langu limetokana na daftari lile. Tunakutana katika ukumbi wa kanisa, vijana 11 na akina mama 3, na wengi bado hawana leseni, kwa hiyo hawaruhusiwi kurusha sauti hewani kwenye masafa yetu, yaani mawimbi ya redio tuliyotengewa. Nimechukua simu 2 za kale za mezani, nikaziunganisha kwa waya na betri ndogo, moja huku, nyingine nyuma ya pazia. Zinaongea zenyewe kwa zenyewe, hazimsumbui mtu wala hazivunji sheria. Mjukuu wangu hugonga sufuria katikati ili kuwe na kelele. Kazi hiyo anaipenda kupita kiasi.

Zoezi la kwanza niliwapa ujumbe huu upite kwa watu wanne: "Mashimoni, watoto wanne, mzee mmoja hawezi kutembea, leteni kamba na machela." Upande wa pili ulitoka hivi: "Mashimoni, watoto wanane, mzee anatembea, leteni kamba." Machela yalipotelea njiani. Halafu mama mmoja muuza mboga, aliyekuwa wa mwisho, akauliza swali ambalo sisi wote hatukuwa tumeliwaza: Mashimoni gani? Iko Mathare, iko na Kibera. Soweto nayo iko Kibera, iko Kayole. Gari lingeenda upande mwingine wa jiji.

Vitabu vya mafunzo ninavyovijua vyote ni vya Kiingereza, na hayo hayamo. Vinafundisha kutaja herufi A, B, C kwa maneno Alfa, Bravo, Charlie, na ni vizuri, kwa alama za wito hatuna budi. Lakini hakuna kitabu kilichoniambia kwamba kwenye kelele "nne" na "nane" ni pacha, na kwamba "tatu" ikikatwa mkia hujui kama ilikuwa "tano". Ikabidi tujitungie zetu. Tatu ni ya mafiga. Nne ni ya meza. Tano ni ya vidole. Nane ni ya buibui. (Msichana mmoja kutoka Eastleigh aliuliza buibui la kuvaa lina nane ya nini. Tukacheka hadi chai ikapoa, lakini tangu siku hiyo hakuna aliyeisahau.) Sasa kijana husema, "Watoto nne, nne ya meza," na anayepokea humrudishia vile vile kabla hajaandika. Sarufi nimeisamehe.

Kubwa zaidi ni saa. Ukiniambia gari litafika saa nane, mimi Mswahili nitalingoja mchana baada ya chakula. Mhudumu aliyezoea kusoma saa kwa Kiingereza ataliandika 8, na atakuwa barabarani tangu asubuhi. Wanaredio wa ridhaa duniani nao wana saa yao ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa 3. Hizo ni saa tatu tofauti kwenye ujumbe mmoja! Tulibishana Jumamosi nzima. Tumeamua hivi: kwenye karatasi ni saa za Nairobi, tarakimu 4, na hutamkwa moja moja. Saa nane mchana ni 1400, "moja, nne ya meza, sifuri, sifuri". Anayetaka kusema "saa nane" akaseme nyumbani kwake.

Redio nazo zina mahali pake, sizidharau. Ile ndogo ya mkononi ina wati 5 hivi, na kati ya majengo yetu haiendi mbali. Mawimbi yake hutaka kuonana na anayepokea. Ukitegemea mtambo wa kurudufu sauti ulio kilimani, ule unaoipokea sauti yako na kuirusha tena mbali zaidi, uliza kwanza betri yake hudumu muda gani umeme ukipotea. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 giza lilitanda karibu nchi nzima, na wengi ndio walijua siku hiyo mambo mangapi yanategemea soketi ya ukutani. Kwa safari ndefu kuna masafa ya chini zaidi. Waya wa mita 20 hivi uliokatwa katikati, ukitandazwa mita 3 au 4 tu kutoka ardhini, mchana kwenye megahezi 7, hutupa mawimbi juu kabisa nayo hurudi chini kuzunguka mamia ya kilomita. Kwa betri ya gari na waya kama huo nimeongea na Nakuru na Garissa nikiwa uani kwangu, nguo za mjukuu zikiwa zimeanikwa kwenye kamba ile ile.

Mwishoni mwa Aprili 2024, Mto Mathare ulipofurika na kubomoa nyumba, watu wengi nilioongea nao walisema simu zao zililowa au ziliisha chaji. Siku chache baadaye kikundi kimoja, ambacho sitakitaja, kilipewa na wafadhili redio za mkononi. Walinialika mwaka uliofuata niwafundishe. Nilizikuta kabatini, nyingi bado ziko kwenye karatasi zake za plastiki, betri zimekufa. Mbili zilizofunguliwa zilikuwa zikitumiwa na walinzi wa harusi, na hakuna aliyekuwa na leseni. Sikuwalaumu vijana. Walipewa vifaa, wakapigwa picha, gari likaondoka.

Mtu akiuliza kama watu wa ridhaa waliwahi kumfaa yeyote, namkumbusha Bharathi Prasad wa India. Desemba 2004 alikuwa Port Blair, visiwa vya Andaman, amekwenda kujifurahisha kwa kuzungumza na vituo vya mbali. Tsunami ya tarehe 26 ilipokata simu, redio yake ikawa njia ya visiwa hivyo kuongea na bara, na jamaa wakapata habari za watu wao. Hakwenda pale kwa ajili ya maafa. Alikuwa amezoea tu kukaa saa nyingi na vipokea sauti masikioni, akidaka sauti hafifu na kuziandika bila kukosea. Tangu mwaka 2003 Kanuni za Redio za ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, nazo zinazihimiza serikali kuwawezesha wanaridhaa kujiandaa kusaidia wakati wa maafa. Hilo si ombi langu la kishosho.

Kwa hiyo kwa wakuu wa kaunti, naomba mambo madogo. Mnapofanya mazoezi ya maafa na zimamoto na wahudumu wa kwanza, tuiteni, mtupe meza moja na ujumbe 20 wa kupeleka, kisha mhesabu ni mingapi imefika mizima. Machifu watufungulie ukumbi Jumamosi moja kwa mwezi. Na wenye leseni wenzangu mnaojua wimbi na waya kuliko mimi, mje mtaani. Msije na slaidi. Asiye na leseni ana kazi tele: kuandika, kushika saa, kukimbia na karatasi kutoka mezani hadi kwa muuguzi. Wawili katika darasa langu sasa wanasomea leseni, na mmoja ni yule mama muuza mboga.

Sisi hukutana Jumamosi ya pili ya mwezi, 0900 kwa saa zetu. Zoezi lijalo simu zote zitazimwa na kutiwa kwenye ndoo mlangoni, na ujumbe utaanzia sokoni kwa huyo mama muuza mboga. Penseli nimenunua dazeni mbili.

Opereta mstaafu,
Umoja, Nairobi