Barua ya wazi kwa Waziri wa Utumishi: Masjala si mahali pa kumtupa mtu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora.

YAH: WATUNZA KUMBUKUMBU KATIKA HALMASHAURI

Mheshimiwa Waziri, tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimestaafu baada ya kutumikia masjala, yaani ofisi inayopokea barua na kutunza majalada, katika halmashauri zaidi ya moja. Nakuandikia hadharani kwa kuwa jambo hili linamgusa kila mtumishi wa umma, na wengi huligundua siku wanapofuatilia mafao.

Mheshimiwa, bado zipo ofisi ambazo masjala ni mahali pa kumpeleka mtu aliyekosana na mkuu wake, au aliyekosa kazi ya kupangiwa. Anakabidhiwa ufunguo na kuambiwa "kaa hapo na mafaili". Wakati huohuo, vijana waliosomea fani hii katika Chuo cha Utumishi wa Umma, Tabora, wapo mtaani na vyeti vyao. Hilo linaniuma, maana kazi yenyewe ina ufundi.

Barua ikifika inagongwa muhuri wa kupokelewa na kuingizwa kwenye rejesta, ndipo itafutiwe jalada lake. Karani anaitoboa, anaifunga kwa kamba juu ya ile iliyotangulia, halafu anaandika namba ya folio, yaani namba ya mfuatano wa karatasi ndani ya jalada, kwa wino mwekundu kwenye kona ya juu kulia. Folio 14 ikifuatiwa na folio 16, mkaguzi anajua papo hapo kwamba kuna karatasi imechomolewa. Asiyefundishwa hupachika barua popote penye nafasi bila kuipa namba, na hapo hata mwizi wa nyaraka hana haja ya kujificha.

Kuna mwalimu mstaafu aliyefika dirishani kwetu akitafuta barua yake ya kuthibitishwa kazini. Wilaya aliyoajiriwa ilikuwa imegawanywa, na jalada lake binafsi halikumfuata alikohamia. Tulilikuta stoo, chini ya viti vibovu, mchwa wameshaanza kula pembe zake. Barua ilikuwemo, folio 9. Kilichotuelekeza ni mstari mmoja kwenye rejesta ya zamani: karani wa enzi hizo, ambaye sikuwahi hata kumfahamu, aliandika jalada limetoka lini na limepelekwa wapi. Mzee yule alishika ile karatasi kwa mikono miwili. Wapo wengine tuliowarudisha nyumbani mikono mitupu, tena wengine ni wajane wanaofuatilia mirathi ya waume zao, na sikuwa na neno la kuwaambia.

Tumeanzisha mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu mwaka 2012, na Songwe mwaka 2016, mbali na wilaya na halmashauri nyingi. Kila mgawanyo unagawa magari, majengo na watumishi. Mafaili nayo yanatakiwa kugawanywa, kwa orodha iliyosainiwa na pande zote mbili. Nimeona makabidhiano ambayo gari lilikuwa na hati yake na tela la majalada halikuwa na hata karatasi moja ya kulisindikiza.

Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka, Na. 3 ya mwaka 2002, inampa mkuu wa kila ofisi ya umma wajibu wa kutunza kumbukumbu zake, na inakataza kuziteketeza bila idhini. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa iko chini ya ofisi yako. Ni idara inayotunza majalada ya utawala wa Wajerumani, ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye rejesta ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Mikono ya watunzaji ndiyo iliyoyafikisha hapo. Majalada ya shule, zahanati na ardhi yanayofunguliwa leo kule wilayani ndiyo watakayoyahitaji wajukuu wetu, na hayatafika Dar es Salaam wala Dodoma kama yataozea stoo.

Najua utajibiwa kwamba mfumo wa ofisi mtandao unakuja kumaliza haya yote. Naupokea kwa moyo mmoja, umepunguza safari za barua kutoka meza hadi meza. Lakini barua iliyoskaniwa na kuingizwa kwenye jalada lisilo lake imepotea vilevile, na safari hii hakuna hata stoo ya kwenda kupekua. Mfumo unamhitaji mtu anayejua jalada ni nini.

Ombi langu, Mheshimiwa: toa waraka kwa wakurugenzi wote wa halmashauri kwamba masjala isimamiwe na aliyesomea kumbukumbu, na kwamba asiwepo mtumishi anayehamishiwa huko kama adhabu. Nafasi za kada hii zitengewe ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa) na bajeti kila mwaka. Na kabla halmashauri yoyote mpya haijafunguliwa, maofisa wa Idara wafike wahesabu majalada, waandike orodha, pande zote zisaini, na nakala ipelekwe Dodoma.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtunza kumbukumbu mstaafu