Omdurman si kitongoji cha Khartoum

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme neno kuhusu habari za Sudan mnazotuletea. Kwanza nawashukuru kwa kutoiacha nchi ile, kwani vita vyake vimechokwa mapema na wengi. Lakini kila Omdurman inapotajwa, nasoma kwamba ni "kitongoji cha Khartoum" au "ngome ya jeshi", na habari inaishia hapo. Mimi nilisoma Khartoum, Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika, kama walivyosoma Wazanzibari na Watanzania Bara wengi kabla na baada yangu, hadi hawa vijana wetu waliorudishwa nyumbani Aprili 2023 vita vilipoanza. Ijumaa zangu nyingi zilipita ng'ambo ya Nile Nyeupe, katika mitaa ya zamani ya Omdurman, nyumbani kwa mwanafunzi mwenzangu wa mtaa wa Beit al-Mal. Inaniuma kuona mitaa ile inaungua bila hata kutajwa kwa jina.

Nianze na hilo la kitongoji. Januari 26, 1885 jeshi la Mahdi, kiongozi wa dini aliyeongoza uasi dhidi ya utawala wa Waturuki na Wamisri, liliingia Khartoum, na Jenerali Gordon, gavana mkuu Mwingereza, akauawa. Mahdi hakutaka kukaa katika mji wa watawala aliowaondoa. Akaweka makao ng'ambo, Omdurman, palipokuwa na kijiji na ngome, na Juni mwaka huohuo akafariki hapohapo. Aliyemrithi, Khalifa Abdullahi, ndiye aliyeujenga mji. Watu waliamriwa kuhama Khartoum, nyumba zao zikavunjwa, na matofali na mbao zikavushwa mto kwenda kujenga Omdurman. Kwa miaka 13 mji mkuu wa Sudan ulikuwa Omdurman, na Khartoum ndiyo iliyokuwa magofu.

Mitaa ya kati mpaka leo imekaa kama Khalifa alivyoipanga. Beit al-Mal, kaskazini karibu na mto, ilikuwa hazina ya dola: nafaka, pembe za ndovu, gundi, ngawira za vita. Jirani yake palikuwa na soko la watumwa. Mama wa rafiki yangu, ambaye sote tulimwita Haja, alinieleza habari hiyo waziwazi, na mimi kwa kuwa natoka Unguja sikuwa na la kumshangaa. Mulazimin, ndani ya ukuta, walikaa walinzi wa Khalifa. Rudolf Slatin, Muaustria aliyekuwa gavana wa Darfur, aliwekwa huko miaka mingi, akishinda mlangoni kwa Khalifa kama mtumishi na mateka, hadi alipotoroka mwaka 1895. Ukuta wenyewe umekwisha, lakini lango la Abdul Qayyum lilibaki. Kando ya mto zilibaki pia tabia, yaani ngome fupi za udongo zenye matundu ya mizinga, zilizojengwa kuzikabili mashua za kivita za Waingereza. Wakati wangu watoto walikuwa wakicheza mpira pembeni yake.

Ngome zile hazikufua dafu. Septemba 2, 1898, kwenye tambarare ya Karari kaskazini ya mji, zaidi ya Wasudani 10,000 waliuawa katika asubuhi moja kwa mizinga na bunduki za Maxim. Waliokufa upande wa Kitchener, jenerali aliyeongoza jeshi la Waingereza na Wamisri, hawakufika 50. Kuba la kaburi la Mahdi lilikwishatobolewa na makombora, na baada ya ushindi Kitchener akaamuru libomolewe kabisa. Mifupa ya Mahdi ilifukuliwa ikatupwa mtoni. Fuvu lilitengwa, na habari zilipofika Uingereza kukazuka lawama kubwa, ndipo likazikwa Wadi Halfa bila sherehe. Nimewafundisha wanafunzi wangu vita hivi kwa miaka, na kila mara hapa ndipo darasa linaponyamaza. Mshindi hakuona inatosha kuua majeshi. Alitaka mji usiwe hata na pa kumzuru marehemu wake.

Hakufanikiwa. Mwaka 1947 Sayyid Abd al-Rahman, mtoto wa Mahdi aliyezaliwa baada ya baba yake kufa, alilijenga upya kuba lilelile mahali palepale. Ndilo lile la rangi ya fedha wanaloliona wasafiri kwenye picha. Yeye mwenyewe amezikwa humo, na mwaka 2020 akazikwa humo mjukuu wake, Sadiq al-Mahdi, aliyekuwa waziri mkuu.

Ng'ambo ya barabara ipo nyumba ya Khalifa, iliyogeuzwa jumba la makumbusho mwaka 1928. Ni nyumba ya vyumba vingi na nyua, yenye kiambaza kinene kinachozuia joto lile la Mei ambalo aliyewahi kukaa Khartoum halisahau. Niliona humo jibba za Ansari (wafuasi wa Mahdi), yaani kanzu zenye viraka walizovaa vitani, mikuki, bendera zilizoandikwa kwa mkono, na sarafu zilizopigwa humohumo Omdurman. Sarafu zile nilizitazama muda mrefu kuliko vyote. Za mwanzo zina fedha ya kutosha, halafu mwaka hadi mwaka fedha inapungua na shaba inazidi, mpaka za mwisho ni shaba iliyopakwa tu. Ukizipanga kwa mfuatano unaona dola inavyoishiwa. Na uwanja ulio mbele yake, uliokuwa msikiti wa Khalifa, ndio unaosomewa Maulidi. Kila tarika huweka hema yake, na pembeni huuzwa halua za ufuta na dengu. Mtu wa Unguja hahitaji mwenyeji wa kumfasiria usiku ule.

Mtaa ninaoupenda kuliko yote ni Masalma. Zama za Mahdi na Khalifa, Wakopti, Mayahudi na Wakristo wengine waliokutwa Sudan walilazimishwa kusilimu na kuwekwa pamoja. Baada ya 1898 wengine walirudi kanisani, wengine wakabaki Waislamu kwa hiari yao. Ndiyo maana katika mtaa ule utakuta ukoo mmoja wenye makaburi ya dini mbili. Rafiki yangu alinipeleka kwa fundi cherehani Mkopti aliyeshona jalabia za nusu ya mtaa. Ilikuwa Ramadhani, alifunga kitambaa mlangoni asionekane akinywa maji, na magharibi ilipoingia yeye ndiye aliyetuletea tende. Mei 2023 watu wenye silaha walivamia kanisa la Mar Girgis la mtaa huo wakawapiga risasi watu waliokuwamo. Habari hiyo ilistahili zaidi ya mstari mmoja.

Soko sitalimaliza kwa barua. Kulikuwa na upande wa vitanda vya kamba, upande wa fedha, upande wa manukato ya harusi, na wanawake wa chai kila pembe na majiko yao ya makaa. Ukitaka samaki wa kukaanga unakwenda Mawrada, kwenye bandari ya zamani. Nje ya nyumba nyingi palikuwa na mitungi ya maji chini ya mwarobaini, na kikombe juu yake, kwa yeyote apitaye. Haja alikuwa akiijaza ya kwake kabla ya alfajiri.

Lakini redio lazima niitaje, kwa sababu wengi hawajui. Mwaka 1940, vita vya pili vya dunia vikiendelea, matangazo ya kwanza ya redio ya Sudan yalianzia Omdurman, si Khartoum, kutoka kwenye jengo la posta, na watu wakisikiliza viwanjani kwa vipaza sauti. "Huna Omdurman," hapa ni Omdurman, ndivyo ilivyojitambulisha tangu hapo. Jengo lake la baadaye lilishikwa na wapiganaji wa RSF, kikosi cha wanamgambo kinachopigana na jeshi la Sudan, na jeshi likalirudisha Machi 12, 2024. Nyinyi mliandika kwamba jeshi "limekomboa jengo la serikali". Lilikuwa na kumbukumbu za sauti za nchi nzima, Mhariri: nyimbo, hotuba, Kurani za masheikh waliokwishafariki.

Sisi tunajua uchungu huu. Desemba 2020 tuliona sehemu ya Beit al-Ajaib ikiporomoka mbele ya macho yetu, wakati wa amani. Mji Mkongwe wetu una hadhi ya urithi wa dunia tangu 2000 na wageni huja kuupiga picha. Omdurman kongwe imepigwa risasi miezi na miezi, na hata jina la mtaa haipewi.

Ninayo maombi mawili. La kwanza ni kwenu: habari ikitoka Omdurman, andikeni mtaa. Andikeni Abu Rof, Wad Nubawi, Beit al-Mal, Masalma. Wenyeji wameanza kurudi, wengine wanakuta kuta tupu, na msomaji wa Kiswahili akiujua mtaa atafahamu nani anarudi wapi.

La pili ni kwa wasomaji. Septemba 2024 UNESCO ilitahadharisha juu ya wizi wa vitu vya kale vya Sudan, ikitaja taarifa za uporaji katika Makumbusho ya Taifa ya Khartoum, nyumba ya Khalifa na makumbusho ya Nyala, na ikaomba watu wasivinunue. Vitu vya namna hii husafiri, na maduka ya vitu vya kale yapo Unguja, Mombasa, Dubai na Muscat. Ukiletewa upanga wa Kisudani, jibba yenye viraka, au sarafu za shaba zenye maandishi ya Kiarabu unazoambiwa ni za Mahdi, usinunue hata kwa bei ya bure. Mwulize muuzaji amevipata wapi na lini, kisha wajulishe polisi na idara ya mambo ya kale.

Ninazo picha za kamera ya filamu nilizopiga zama zile: lango la Abdul Qayyum, ua wa nyumba ya Khalifa, kichochoro cha Masalma kinachokwenda kanisani. Mkizihitaji nitazileta ofisini kwenu mzichapishe bila malipo.

Msomaji wenu,
Mwalimu wa historia,
Michenzani, Unguja