Barua kwa Mwanangu: Kilti na Siku ya Upasuaji wa Ngiri

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Barua ya hospitali uliyonipigia picha nimeisoma yote, pamoja na ule mstari wa chini unaokutaka uje na nguo zisizobana. Swali lako ni kama huko Glasgow, Scotland, unaweza kwenda na kilti yako, ile sketi ya sufu yenye marinda wanayovaa wanaume wa huko. Kliniki ya kwanza nenda nayo. Siku ya upasuaji itategemea unapasuliwa kwa njia gani. Na chumba cha MRI, ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, kama itatokea ukapelekwa huko, kilti isivuke mlango.

Kliniki watakupima uzito kwanza, na daktari wa nusukaputi hukadiria baadhi ya dawa zake kwa uzito huo. Kilti ya sufu nzito ya yadi 8, yaani mita 7 na kitu za kitambaa, yenyewe tu hukaribia kilo mbili. Ongeza sporani, kile kimkoba kinachoning'inia mbele, na viatu vile vya kamba ndefu, umepanda mizani na kilo kama tatu ambazo si zako. Vua vyote, bakia na shati na nguo ya ndani.

Halafu daktari atataka kuiona ngiri ukiwa umesimama, ukikohoa. Hapo wavaa kilti wengi huinua pande la mbele kama mtu anayevuka mto. Haisaidii. Kilti haikai nyongani kama suruali, inakaa usawa wa kitovu au juu yake, kwa hiyo ukiinua upindo, sufu yote inarundikana tumboni na daktari anapapasa asichokiona. Ifungue. Bizimu mbili za ubavu wa kulia ndizo zinazoshika pande la juu. Ukizifungua, pande hilo linafunuka kuelekea kushoto. Pande la ndani linabaki limeshikwa na ukanda mmoja uliopenyezwa kwenye tundu la kiunoni upande wa kushoto, na huo ndio unaowaaibisha watu: ukiuachia ukiwa umesimama, uzito wa marinda ya nyuma unaivuta kilti yote sakafuni kwa mpigo. Shika kiuno kwa mkono wa kulia kwanza, ndipo ufungue.

Ukiwa umelala kitandani mambo ni mepesi. Fungua bizimu zote tatu, lalia marinda, pande moja lianguke kushoto na lingine kulia. Daktari akimaliza unajirudishia pande la ndani na umeshasitirika kabla hujainuka. Suruali haifanyi hivyo, ila kikoi. Usumbufu ni pale utakapoambiwa ulale ubavu wa kulia, maana zile bizimu mbili zitakuchoma. Ziachie kabla.

Nguo ya ndani, vaa. Najua wanavyosema huko, eti mwanamume halisi havai kitu chini ya kilti yake, hayo wayaachie harusini. Kitanda cha kliniki wanakilalia watu wengi, na uchunguzi wa kinena unahusisha na korodani. Ukiona haya kubaki na daktari peke yenu, omba msaidizi awepo chumbani. Ni haki yako na hawatakushangaa.

Kisu cha soksi, ile sgian dubh, kibaki nyumbani. Sheria ya Scotland ya mwaka 1995 inakubali kisu kikiwa sehemu ya vazi la taifa, lakini mlinzi wa hospitali hana kazi ya kubishana sheria na wewe saa moja asubuhi.

Kuhusu MRI, sumaku ya mashine hiyo, yenye nguvu ya tesla 1.5 au 3, haizimwi kati ya mgonjwa na mgonjwa. Inavuta hata wakati hakuna picha inayopigwa. Hesabu chuma ulichovaa: bizimu tatu, pini ya upindoni, mnyororo wa sporani, fremu ya mdomo wake, na sporani nyingine zina kishikizo cha sumaku kabisa. Pini unaweza kuichomoa, lakini bizimu zimeshonewa. Watakupa gauni, livae bila mjadala. Eksirei si hatari kwa namna hiyo, ila bizimu huacha kivuli cheupe juu ya mfupa wa nyonga na picha inarudiwa. Kama ni picha ya goti, hapo kilti ni bora kuliko suruali, unaipandisha tu.

Sasa siku yenyewe. Kawaida ni saa sita bila chakula na saa mbili bila maji kabla ya nusukaputi. Ukipangiwa saa mbili asubuhi, mwisho wa kula ni saa nane usiku na mwisho wa maji matupu ni saa kumi na mbili alfajiri. Barua yao ikisema tofauti, fuata barua.

Mwulize daktari mapema: ni kwa kupasua mkato mmoja au kwa matundu madogo ya kupitishia kamera na vifaa? Nguo ya kurudia nyumbani inategemea hapo. Kwa kupasua, kovu ni moja, la sentimita 6 hadi 8, chini kinenani. Kiuno cha kilti kinapita juu yake kwa mbali, hakiligusi, na kwa kuwa kilti unajizungushia, huhitaji kuinama wala kuinua mguu kama mvaa suruali. Hapo vaa. Kwa matundu ni kinyume. Tundu moja huwa kwenye kitovu au karibu yake, mahali hasa panapokaa kile kiuno kigumu chenye turubai ndani. Tena kwa njia hiyo tumbo hujazwa gesi, na hubaki limevimba baada ya kuamka, ukanda haufiki tundu lake la kila siku. Siku hiyo chukua kikoi. Kifunge kwa kulegea, chini ya kitovu, na juu uweke shati refu. Ulipotahiriwa ulivalishwa shuka kwa sababu hiyohiyo.

Njia yoyote utakayopasuliwa, sporani isikae mbele kwa wiki za mwanzo. Ukiivaa kama kawaida inaning'inia juu ya kinena chenyewe, na kila hatua inagonga. Isukume ubavuni, upande usio na kidonda, kama wapiga ngoma wa bendi wanavyofanya, au iache kabisa. Tatizo ni kwamba kilti nyingi hazina mifuko, kwa hiyo ukiivua sporani umevua simu, kadi na orodha ya dawa zako. Beba mkoba mdogo wa begani.

Usishangae wekundu na uzambarau ukishuka hadi korodani siku ya pili au ya tatu. Ni damu ya jeraha inayofuata njia ya kushuka. Nguo ya ndani inayobeba vizuri inapunguza maumivu, na ndiyo maana kilti bila kitu ndani ni kosa zaidi baada ya upasuaji kuliko kabla. Ikivimba kwa kasi, au kidonda kikitoa usaha, au homa ikikushika, piga simu hospitali.

Wakikuvalisha soksi za kubana za kuzuia damu kuganda, angalia mkono wako mwenyewe. Umezoea soksi za kilti, ambazo juu hukunjwa kuficha ile lastiki yenye vitambaa vya rangi. Mkono utataka kuikunja na hii. Usikunje. Mkunjo unafanya soksi kuwa na nguvu maradufu mahali pamoja na kuukaza mguu kama kamba. Wala usiweke lastiki ya kilti juu yake.

Wanaume wengine hushindwa kukojoa baada ya nusukaputi, hutiwa mpira wa mkojo na kurudi nao nyumbani. Ikikutokea, kilti ina faida kubwa: mpira haukunjiki kwenye paja kama ndani ya jinzi, na mkojo unashuka bila kizuizi. Omba mfuko wa bomba fupi unaofungwa pajani, upindo unauficha. Mfuko uwe chini ya usawa wa kibofu sikuzote, na umwage ukijaa theluthi mbili. Ukiuachia ujae kabisa, uzito unavuta mpira, na utaujua uchungu wake.

Damu ikidondokea sufu, tumia maji baridi na kitambaa cheupe, gandamiza, usisugue. Maji ya moto hugandisha damu ndani ya uzi na kuifanya sufu isinyae.

Kabati la wodini ni jembamba, kilti ukiitundika itakunjamana. Ilaze kitandani, nyoosha marinda yote yaelekee upande mmoja, ikunje upana mara moja huku marinda yakiwa ndani, kisha izungushe kama mkeka kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Itie kwenye foronya, uandike jina lako juu. Pini ifungie kwenye mkoba, si kwenye foronya. Siku ya kutoka, atakayekusaidia kuvaa aanze na ukanda wa kushoto, halafu za kulia, na azifunge tundu moja kabla ya ulilozoea.

Kikoi cha bluu nimekituma jana kwa posta. Kifue kwanza, kipya hutoa rangi.

Ni mimi baba yako.