Risala ya Wakaazi wa Mtaa Wetu wa Mji Mkongwe, Unguja, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Sheha wetu, wazee wetu na wageni waalikwa, Assalaamu alaykum.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha barazani kwetu, ukiwa mgeni rasmi wetu wa tatu katika miaka minne.

Mji huu uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na kikundi chetu kiliundwa baada ya sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, kuporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Tangu hapo tumepata mafanikio makubwa: tumezibua mitaro miwili, tumehesabu milango yote ya nakshi ya mtaa, na mmoja tumeutia mafuta.

Mheshimiwa, pale Michenzani uliyaona majumba marefu yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Yale ni ya zege, na saruji haina ugomvi nayo. Nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, ambazo ufupi wake ndio uliovifanya vyumba vyetu kuwa vyembamba. Ukuta wa namna hii hunywa maji na kuyatoa. Ukipigwa lipu ya saruji, maji hubaki ndani na ncha za boriti huoza pasipo mtu kuona.

Hayo ndiyo yaliyoikuta nyumba ya chuo cha Kurani cha watoto wetu. Mgeni rasmi wa kwanza alituahidi chokaa na boriti. Tukaletewa mifuko ishirini ya saruji, tukashukuru kwa adabu, na kwa kuwa mali ya msaada haiachwi ikaganda stoo, ikapigwa ukutani. Mgeni rasmi wa pili aliukuta ukuta umeshavimba, akasikitika sana, akapiga picha, na tangu siku hiyo simu yake haipatikani, bila shaka kwa wingi wa majukumu.

Ombi letu ni moja: chokaa, boriti, na fundi mzee anayejua kuvitumia. Chokaa hulowekwa ikaachwa ikomae kabla ya kupigwa, kwa hiyo ahadi itakayotimizwa masika yakishaanza itatukuta tunazoa kifusi. Watoto tumeshawahamishia hapa barazani, na mikeka iliyokunjwa nyuma ya kiti chako ndiyo darasa lao.

Tunaomba pia, kwa unyenyekevu, ahadi ya leo iandikwe katika kitabu cha wageni pamoja na tarehe. Kalamu ipo mezani.

Tunaomba kuwasilisha.