Nani kamfundisha kupiga?

Mhariri,

Juzi hapa Wete, baada ya alasiri, kijana wa miaka 15 alimtia mwenzake ngumi ya mdomo kwa mzozo wa mpira uliotoka. Baba yake akaja mbio na bakora, akamchapa mbele ya watu huku akifoka: "Nani kakufundisha kupiga watu?" Barazani walicheka. Mimi kicheko kilinikwama.

Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Stanford, mwanasaikolojia Albert Bandura aliwaonesha watoto wadogo mtu mzima akilipiga sanamu la kujaza upepo. Walipoachwa nalo, wengi waliiga mapigo, hata maneno.

Sisemi tuwaachie tu. Jirani yangu hamkanyi mwanawe kwa lolote, na asipopata hela ya bando humtukana mama yake hadharani. Marehemu bibi yangu alikuwa akinikalisha ukumbini, kimya, mpaka niseme mwenyewe nimekosa nini na nani nimemuumiza. Afadhali bakora, wallahi! Lakini sikurudia.

Yule kijana kesho yake alikuwa uwanjani tena, mgongo una alama, akimtafuta mwenzake.

Msomaji wako,
Wete, Pemba